Mkomamanga Unaosumbua: Dalili, Chanzo na la Kufanya

Mkomamanga ni kichaka cha nchi kavu. Kwao ni kuanzia Iran hadi kaskazini mwa India, mahali penye kiangazi kikali na baridi ya kweli. Baridi ikiingia unapukutisha majani yote na kulala. Kule Jabal Akhdar, Oman, mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, ndivyo unavyoishi mpaka leo: vijiti vitupu majira ya baridi, kisha majani na maua joto likirudi. Sisi tunaupanda Tanga, Mombasa na Unguja, ambako hakuna baridi ya kuulaza. Unabaki na majani karibu mwaka mzima, unachanua ovyo ovyo, na mwenye mti anaanza kulalamika.

Hautakufa upesi. Unavumilia ukame, joto, udongo wa mawe, na hata chumvi kidogo. Tatizo ni kuzaa, na hapo mkosaji wa kwanza kuhojiwa ni ndoo ya maji. Malalamiko mengi ninayoyasikia yanatokana na mti kumwagiliwa kila jioni kama mchicha, au kusahauliwa wiki tatu halafu kugharikishwa. Kwa hiyo kabla hujakimbilia duka la pembejeo, chimba kwa kidole au kijiti upande wa shina hadi urefu wa kiganja. Ukikuta tope, ukikuta vumbi, ama ukikuta unyevu wa kawaida, tayari una nusu ya jibu.

Majani yote yameanguka. Umekufa?

Kwangua gome la tawi kwa ukucha. Chini yake kukiwa kijani, mti uko hai. Kwa wanaoishi Lushoto, Limuru au Njombe, majani kugeuka njano na kuanguka kati ya Juni na Agosti ni kawaida yake. Punguza maji, usiweke mbolea, subiri. Wengi huung'oa wakati huo na kutupa mti mzima usio na ugonjwa wowote.

Pwani, majani yakianguka yote kwa mkupuo, tafuta sababu nyingine: ukame mrefu, kuhamishwa kutoka kwenye mfuko au kopo, au mizizi kukaa majini baada ya masika. Ukame ndio wenye nafuu. Mwagilia taratibu, na vichipukizi vitatokea baada ya wiki chache. Mizizi iliyooza ni kesi nyingine, nitaifikia mwishoni.

Majani yanageuka njano

Usiseme tu "ni ya njano". Angalia ni majani gani, na njano imeanzia wapi.

Majani machanga ya ncha za matawi yakiwa na rangi ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani, mti umekosa madini ya chuma. Hili ni tatizo la ardhi ya matumbawe: uwanda wa Unguja, viwanja vya Kilifi na Malindi, na kila ua ulioinuliwa kwa kifusi cha chokaa baada ya ujenzi. Chuma kimo udongoni, lakini chokaa imekifunga na mizizi haikipati. Ndiyo maana kufukia misumari yenye kutu shinani hakusaidii chochote: unaongeza chuma mahali ambapo chuma hakijapungua. Kinachosaidia ni mboji nyingi kila mwaka, matandazo ya majani, na ikibidi mbolea ya chuma iliyoandikwa EDDHA kwenye lebo. Iliyoandikwa EDTA ni rahisi kuipata, ila kwenye udongo wa chokaa nguvu yake huisha upesi. Ukiwa bado hujapanda, chimba shimo la sentimita 60 kwa kila upande, ondoa mawe, na ujaze udongo mwekundu uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri.

Majani ya zamani, yale ya chini na ya ndani, yakififia yote pamoja na mishipa yake, mti una njaa ya naitrojeni. Ndoo moja ya samadi iliyooza, ikizungushwa mbali kidogo na shina, inatosha kwa mti wa kawaida wa uani.

Kingo za majani zikiungua na kuwa kahawia kama zimepitishwa motoni, onja maji ya kisima chako. Visima vya karibu na bahari huwa na chumvi zaidi kadiri kiangazi kinavyoendelea, na kumwagilia kidogo kidogo kila siku kunazidisha shida: maji yanayeyuka, chumvi inabaki juu. Mwagilia mara chache, ila maji mengi kwa wakati mmoja yazame chini na kuisukuma chumvi. Mvua ya masika hukufanyia kazi hiyo bure, mradi tu maji yana pa kwenda.

Na yakiwa njano yote, manyonge, huku udongo umelowa? Acha kumwagilia. Udongo wa mfinyanzi ukiwa umeshiba maji, mizizi haipumui. Chimba mfereji wa kutoa maji, au kama mti bado mdogo, uinue uupande upya juu ya tuta.

Majani tele, bila ua hata moja

Uliza umri wake kwanza. Uliopandwa kwa kijiti, yaani kipande cha tawi, huanza kuzaa baada ya miaka 2 au 3. Wa mbegu huchukua zaidi, na matunda yake hayafuati lazima yale uliyokula. Mtu akikuambia "nilipanda mbegu za komamanga tamu la dukani", mwambie avumilie na asiweke matumaini makubwa.

Mti mkubwa usiochanua, mara nyingi umewekwa kivulini. Mkomamanga unataka jua kutwa. Ukiwa chini ya mwembe utarefuka tu ukilitafuta. Au umelishwa mno: yurea na samadi mbichi ya kuku huzaa matawi marefu mabichi yasiyo na habari ya maua. Au umekatwa vibaya. Hapa napenda kusisitiza, kwa sababu vijana wanaokata bustani kwa malipo hupenda kuunyoa ukawa mviringo kama kichaka cha uzio. Maua hutokea kwenye vijitawi vifupi vya matawi yaliyokwisha kukomaa, na kwenye ncha. Ukinyoa pande zote kila mwezi, unakata maua kabla hujayaona.

Kata namna hii: chagua mashina 3 hadi 5 yenye nguvu, mengine yote yanayochipuka kutoka ardhini yaondoe, na uyaondoe tena na tena maana hayachoki. Toa matawi makavu na yanayosuguana katikati ili hewa na mwanga vipite. Basi. Vaa glavu nene, kwa sababu mikomamanga mingi ina miiba ambayo huioni mpaka ikuchome.

Kuna pia mikomamanga ya urembo, yenye maua makubwa yaliyojaa petali tabaka juu ya tabaka. Ni mizuri kweli, lakini haizai, au huzaa kwa nadra sana. Ikiwa wako ndio huo, hakuna dawa.

Unachanua vizuri, kisha maua yote chini

Kabla ya kuhuzunika, okota maua yaliyoanguka uyatazame kitako. Mkomamanga hutoa maua ya aina mbili kwenye mti mmoja. Moja lina kitako kinene na kiuno, mfano wa mtungi mdogo. Hilo lina uwezo wa kuwa tunda. Jingine limechongoka chini na kupanuka juu kama kengele. Hilo ni la kutoa chavua tu, na litaanguka hata ulifanyie nini. Ya kengele mara nyingi ni zaidi ya nusu. Kwa hiyo zulia jekundu chini ya mti si msiba peke yake. Uwe na wasiwasi pale ambapo yale ya mtungi nayo yanaanguka.

Yanapoanguka, sababu kubwa ni nne. Mvua kubwa wakati wa kuchanua, ambayo huosha chavua na kuwazuia nyuki. Ukosefu wa nyuki wenyewe, hasa kwenye nyua zinazopuliziwa dawa ya mbu au ya wadudu mara kwa mara. Mti unaweza kujichavusha, lakini nyuki huongeza mavuno, na mkomamanga wa pili jirani huongeza zaidi. Unaweza kusaidia asubuhi kwa brashi laini: gusa chavua ya ua la kengele, paka katikati ya ua la mtungi. Sababu ya tatu ni kuyumba kwa maji, leo ukame, kesho mafuriko. Ya nne ni mti ambao haujawahi kupumzika.

Hiyo ya nne ndiyo inayosahauliwa pwani, nayo inahitaji nafasi yake.

Kuulaza mti pasipo baridi

Wakulima wa India magharibi, ambako hakuna baridi ya kutosha, hulaza mikomamanga yao kwa kuinyima maji. Majani hugeuka njano na kupukutika, mti unapumzika, kisha wanapogolea kidogo, wanaweka mbolea na kurudisha maji. Mti unaamka na kuchanua kwa pamoja badala ya ua moja leo na jingine mwezi ujao. Nao huchagua msimu wa kufanya hivyo kulingana na mvua na soko.

Kwetu pwani, hesabu ianzie mwisho. Tunda huchukua miezi 5 hadi 7 toka ua mpaka kuiva, na hulitaki liive katikati ya masika. Basi acha kumwagilia masika yakishakatika, mwezi Juni, wakati wa kipupwe na upepo wa kusi. Wiki 4 hadi 6 zinatosha kwenye udongo mzito. Kwenye mchanga pungufu ya hapo. Majani yakiwa yameanguka zaidi ya nusu, pogoa, weka samadi iliyooza, na urudishe maji mwishoni mwa Julai: mara ya kwanza kidogo, ya pili zaidi, ndipo uende kwa kiwango cha kawaida. Maua yatatokea Agosti hadi Septemba, vuli itayakuta matunda yakiwa bado madogo na ngozi inayonyumbulika, na utavuna kati ya Februari na Machi kabla ya masika kufunguka.

Unguja na Pemba kuna mvua za mchoo zinazoweza kuvuruga mpango huu. Hazilowanishi sana, lakini zikinyesha, ongeza siku za kusubiri. Ila usiulaze mti ulio chini ya miaka 3, wala ulio kwenye pipa au ndoo, wala unaougua. Vijitawi vikianza kukauka na kuvunjika kwa kukwaruza, umezidisha. Mwagilia siku hiyohiyo.

Matunda yanapasuka mtini

Wengi hudhani ni ndege, au joto. Ndege huja baadaye kula palipokwisha kupasuka. Ganda la komamanga likikaa kwenye ukame hukakamaa. Maji mengi yakija ghafla, punje za ndani zinavimba na ganda halina pa kunyumbulika. Ndiyo maana hutokea wiki moja baada ya mvua ya kwanza, au baada ya mwenye nyumba kurudi safari akaamua kulipa deni lote la maji kwa jioni moja.

Tandaza majani makavu au nyasi shinani, unene wa kiganja, bila kugusa gome. Mwagilia kwa ratiba kuanzia tunda linapofunga hadi wiki mbili tatu kabla ya kuvuna: mti mkubwa ardhini, mara moja hadi mbili kwa wiki wakati wa jua, maji yazame kweli. Mvua ikinukia na matunda yamekaribia, vuna. Komamanga lililoiva robo tatu ya utamu wake ni afadhali kuliko lililopasuka na kuingia sisimizi. Lakini lisiwe bichi, kwa sababu haliivi tena likishakatwa. Si embe la kufukia.

Lililoiva hulijua hivi: mviringo wake unaanza kuwa na pembe, mbavu zikijitokeza, ncha za taji (kile kikombe chenye meno kwenye kitako cha tunda) zinaelekea ndani, na ukiligonga kwa kidole linalia kama kitu kigumu. Rangi hudanganya, kuna aina zinazobaki na ganda la njano mpaka mwisho. Kata kikonyo kwa mkasi, usinyonge.

Baka la kahawia gumu upande mmoja tu, ule wa jua la alasiri, ni kuungua na jua. Acha majani upande huo usikate tena, au funika tunda kwa mfuko wa karatasi.

Kitundu kidogo na uchafu unatoka

Huyu ni kiwavi. Kipepeo mdogo mwenye kimkia chembamba nyuma ya bawa hutaga mayai kwenye tunda changa, mara nyingi kwenye taji. Kiwavi anatoboa na kula ndani, na tundu lake hufungua mlango kwa ukungu. Ni adui wa zamani wa mikomamanga ya Uarabuni na yupo Afrika Mashariki pia, ambako huishi vilevile kwenye maganda ya migunga. Kuna na nondo ambaye kiwavi wake hufanya uharibifu unaofanana, yule anayesumbua michungwa na pilipili.

Kupulizia dawa baada ya kuona tundu ni kupoteza pesa. Kiwavi yumo ndani, dawa iko nje. Kinga iliyo bora kwa mti wa nyumbani ni mfuko. Tunda likifikia ukubwa wa limau dogo, futa stameni (vijiuzi vya ua vyenye chavua) zilizokauka ndani ya taji kwa brashi, kisha livalishe mfuko wa karatasi au wa kitambaa chepesi na ufunge kwenye kikonyo. Nailoni usitumie, inachemsha tunda. Mfuko huohuo unazuia inzi wa matunda. Kila tunda lililotobolewa lichume, nalo lililoanguka liokote. Chemsha, fukia kwa kina, au uyafunge kwenye mfuko mweusi juani. Usiyatupe kwenye shimo la mboji.

Mafuta ya mwarobaini husaidia kidogo yakipuliziwa jioni wakati matunda yanafunga. Sema kweli, mfuko unayashinda.

Zuri kwa nje, jeusi kwa ndani

Unakata tunda lenye afya, unakuta punje zimeoza na kuwa nyeusi. Ni ukungu ulioingia tangu wakati wa ua, hasa ua likilowa mvua. Matunda ya namna hiyo huwa mepesi kuliko ukubwa wake na rangi yake imefifia kidogo. Hakuna tiba kwa tunda lililoingiliwa. Kuchanua wakati wa ukavu ndiyo kinga, na tumekwisha kulizungumza.

Madoa madogo meusi kwenye majani na ganda wakati wa masika nayo ni ukungu. Ganda linachafuka, ndani hulika kama kawaida. Kusanya majani yaliyoanguka, fungua katikati ya mti, na ukiona yamezidi, puliza dawa ya ukungu yenye kopa, yaani shaba, kwa kipimo cha lebo.

Punje ni nyeupe na kali

Hapa watu hulaumu udongo. Chanzo mara nyingi ni aina ya mti. Kuna makomamanga ambayo punje zake ni za waridi hafifu na bado ni matamu, na kuna mekundu yanayokunja uso. Joto kali nalo hupunguza wekundu wa punje, kwa hiyo kijiti kilekile kilichotoka mlimani kinaweza kutoa tunda lililopauka pwani. Ukali peke yake: pengine umevuna mapema. Ngoja wiki mbili zaidi kwa tunda linalofuata, ujue.

Ncha zimejikunja, zinanata, sisimizi wanapanda

Vidukari, au wale wadudu weupe kama pamba wanaojificha kwenye taji na kwenye makutano ya tunda na tawi. Sisimizi wanawachunga kwa ajili ya umajimaji wao mtamu, na hapo ndipo pa kuanzia: zungushia shina utepe uliopakwa grisi, na kata majani yanayogusa ukuta au mti mwingine wasipate daraja. Kisha osha ncha kwa maji ya kasi, na kwa walio wengi tumia maji ya sabuni ya mche, kijiko kikubwa cha sabuni iliyokunwa kwa lita moja, jioni, halafu suuza asubuhi.

Tawi moja linakauka, halafu jingine

Likiwa moja, likate hadi kwenye mti mbichi na utazame ndani. Vumbi la mbao na vishimo ni mdudu mtoboaji. Choma tawi hilo. Kukiwa na weusi ndani ya kiini, endelea kukata mpaka uone weupe safi, na usafishe mkasi kwa spiriti kabla ya kugusa tawi lingine.

Mti mzima ukidumaa bila sababu ya juu, fukua pembeni kidogo uangalie mizizi myembamba. Vinundu vinundu ni minyoo fundo, wapenzi wa udongo wa mchanga, hasa mahali palipowahi kulimwa nyanya au bamia. Mti mkubwa huishi nao ukilishwa mboji kwa wingi na kumwagiliwa vizuri, mdogo hushindwa. Mizizi ya kahawia, laini, inayochunika ganda na kunuka ni uozo wa maji. Hapo usimwage dawa. Kata vijiti haraka kwenye matawi yaliyobaki mazima, unene wa penseli, urefu wa sentimita 20 hadi 25, mti uliokomaa na si ncha laini. Vichomeke hadi theluthi mbili kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, kivulini, unyevu usikatike. Vikishika na kutoa majani ya kutosha, vihamishie kwenye tuta mahali pengine, mbali na lile shimo lililomuua mama yao.